Kelli Hand: mwanamke aliyemiliki lebo yake Detroit

Tekno, muziki wa dansi unaotengenezwa kwa mashine za elektroniki, ilizaliwa Detroit, Marekani, na habari za kuzaliwa kwake husimuliwa kwa majina matatu: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Hakuna uongo hapo. Walisoma shule moja huko Belleville, mji mdogo nje ya Detroit, na kati ya 1985 na 1987 kila mmoja alifungua lebo yake, yaani kampuni ya kutoa santuri: Atkins Metroplex, May Transmat, Saunderson KMS. Mwaka 1988 kampuni ya Virgin ya Uingereza ikatoa albamu ya mkusanyiko wa muziki wao, waandishi wa London wakapanda ndege kwenda kuwahoji, na simulizi likakauka kama saruji.

Kelli Hand, DJ na mtengenezaji wa tekno, alizaliwa 1964, mwaka ule ule wa Saunderson. Alikuwa Mmarekani mweusi kama wao, akaishi mji ule ule na kutumia mashine za aina ile ile. Mwaka 1990 alianzisha lebo yake mwenyewe, na akaendelea na kazi hii mpaka alipofariki Agosti 2021 akiwa na miaka 56. Hata hivyo, katika maandishi mengi kuhusu tekno jina lake hutokea mwishoni kabisa, katika ile aya ya lazima inayoanza na "wanawake nao".

Kwa hiyo kuna maswali mawili yaliyofungamana. Kwa nini mtu aliyekuwapo mapema hivyo alibaki pembezoni mwa simulizi? Na kama alibaki pembezoni, alidumu vipi kwa miongo mitatu katika biashara iliyowatupa nje hata waliokuwa katikati? Kwa maoni yangu, majibu yako mahali pasipo na taa wala moshi wa klabu. Yako kwenye karatasi za umiliki. Lakini huwezi kuyaona kabla ya kutenganisha kazi tatu ambazo watu huzitupa zote ndani ya neno DJ.

Anayepiga

Tuanze na kazi inayoonekana. (Tuelewane kwanza: simzungumzii DJ anayetafsiri filamu za Kihindi kwenye kibanda cha video, ingawa naye ana sanaa yake.) DJ wa klabu ana mashine mbili za kuchezea santuri, miksa ya kuchanganya sauti katikati na hedifoni. Santuri moja inasikika ukumbini, nyingine anaisikia yeye peke yake. Kazi ni kuifanya hiyo ya pili iende mwendo mmoja na ya kwanza, mapigo yalaliane, kisha aifungulie njia taratibu bila mchezaji hata mmoja kukosa hatua.

Mashine iliyotawala kazi hii ni Technics SL-1200MK2 ya Kijapani, iliyotoka 1979. Pembeni ina kitelezi kinachoongeza au kupunguza mwendo wa sahani kwa asilimia 8. Hesabu yake si ngumu: wimbo wa mapigo 125 kwa dakika unaweza kusukumwa hadi 135 au kuvutwa nyuma hadi 115, basi. Tena ukiongeza mwendo, sauti nayo inapanda. Ngoma na sinthesaiza, yaani vinanda vya elektroniki, huvumilia mchezo huo, lakini mwimbaji huanza kulia kama kifaranga. Hiyo ni sababu mojawapo, ya kiufundi kabisa, iliyofanya muziki usio na maneno ushamiri mikononi mwa madijei.

Hand alivutiwa na ngoma na midundo tangu akiwa mdogo. Katika miaka ya 1980 alikuwa akienda New York, na huko akawa mtu wa Paradise Garage, klabu iliyokuwa nambari 84 mtaa wa King. Hapakuuzwa pombe. Wengi wa waliokwenda walikuwa mashoga weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walioingia kwa uanachama, wakacheza mpaka asubuhi chini ya spika zilizotengenezwa na Richard Long. Aliyepiga alikuwa Larry Levan. Huyu alikuwa na uwezo wa kuwaacha watu gizani na wimbo mmoja kwa dakika nyingi, akiuchezea besi na sauti za juu mpaka ukageuka wimbo mwingine. Klabu ilifungwa Septemba 1987. Walioipitia wametawanyika dunia nzima wakiwa na kipimo kimoja kichwani cha jinsi muziki unavyopaswa kusikika, na wakirudi makwao hawaridhiki tena na spika mbovu.

Hand alirudi Detroit akinunua santuri. Kununua kukazaa haja ya mahali pa kuzipiga, na haja hiyo ikazaa mashine mbili chumbani na mazoezi ya peke yake, mpaka akapata zamu ya kudumu katika klabu ya Zipper's mjini humo.

Wakati huo mwanamke nyuma ya mashine hakuwa kioja cha kwanza duniani, na ni vizuri kulisema hili kwa sababu sifa ya "wa kwanza" hugawiwa ovyo. Sharon White alikuwa akipiga The Saint, moja ya klabu kubwa kuliko zote za New York. Huko Detroit kwenyewe Stacey Hale, anayejulikana kama Hotwaxx, alikuwa ameshajijengea jina. Kilichokuwa adimu ni mwanamke aliyevuka kutoka kupiga muziki wa wengine na kuanza kuutengeneza wake.

Anayetengeneza

Hapa ndipo kazi ya pili inapoanza, na haina uhusiano wa lazima na ya kwanza. Kuna madijei wakubwa ambao hawajawahi kutengeneza hata dakika moja ya muziki, na kuna maprodyuza wanaotetemeka wakiwekwa mbele ya watu.

Prodyuza wa Detroit wa mwisho wa miaka ya 1980 hakuwa na studio ya kukodi wala bendi. Alikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya ngoma, sinthesaiza moja au mbili, pengine sampla ya kunasa na kurudia vipande vya sauti, miksa ndogo na kitu cha kurekodia. Mashine ya ngoma iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Roland TR-909, iliyoanza kuuzwa 1983 na kusitishwa mapema, baada ya kutengenezwa takriban 10,000 tu. Ilishindwa sokoni kwa sababu wanamuziki wa studio walitaka ngoma zinazofanana na ngoma halisi, na 909 haikufanana. Teke lake, yaani ile ngoma nzito ya chini, lilikuwa zito na kavu, matoazi yake yakichoma. Zilipoanza kutupwa kwa bei ya kutumika, wakazichukua vijana wasiokuwa na fedha. Vijana hao hawakutafuta ngoma halisi hata kidogo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mbele kuna vitufe 16 mstari mmoja, na kila kitufe ni sehemu ya kumi na sita ya duru moja ya mdundo. Weka teke kwenye 1, 5, 9 na 13, unapata mguu unaotembea bila kuchoka, ule ule wa disko na wa hausi, muziki wa dansi wa Chicago uliotokana na disko. Weka makofi kwenye 5 na 13. Weka toazi la wazi kwenye 3, 7, 11 na 15, yaani katikati ya kila teke na teke, na mwili unaanza kuvutwa juu kila unaposhuka. Kwa mapigo 125 kwa dakika, duru nzima inachukua chini kidogo ya sekunde mbili, kisha inaanza upya. Ufundi wote uko katika jambo dogo sana: nini kibadilike duru ya tisa, nini kitoke ya kumi na saba, lini teke lenyewe linyamaze ili likirudi watu wapige kelele.

Anayejua hayo kwa mwili wake ni yule aliyesimama ukumbini na kuona watu wanapochoka. Kwa sababu hiyo, DJ akigeuka prodyuza huwa na faida kuliko mpiga kinanda mwenye shahada. Ngoma za Hand zinaonyesha faida hiyo wazi. Katika kazi zake kuna tekno kali yenye asidi, ile sauti ya sinthesaiza inayosokota masikio, na kuna hausi laini yenye nyuzi na hisia za kanisani, lakini kinachoziunganisha ni uvumilivu wa mtu asiyeogopa kurudia. Huacha kitu kiende mpaka kifanye kazi yake. Binafsi naona hapo ndipo Paradise Garage inaposikika ndani ya Detroit, zaidi kuliko katika kazi za wengi wa wenzake waliopenda zaidi kutazama angani na kuwazia roboti.

Alitumia majina kadhaa. Kuna santuri zilizoandikwa K. Hand, nyingine K-Hand au Kelli Hand, na nyingine zilitoka kwa jina la Rhythm Formation au Etat Solide. Jambo hilo lilikuwa la kawaida Detroit. Prodyuza mmoja alijifanya watu watano ili lebo yake ionekane ina wasanii, na ili kila sura ya muziki wake iwe na mlango wake. Lakini kwa Hand lilikuwa na matokeo mengine. Santuri ya tekno haikuwa na picha ya msanii. Ilikuwa na karatasi ya mduara katikati, jina na namba. Mnunuzi wa Berlin au Manchester akisoma "K. Hand" hakuwa na njia ya kujua kuwa aliyetengeneza ni mwanamke. Muziki ulipenya bila kuulizwa vitambulisho, ila sifa nazo hazikujua zimfuate nani.

Anayemiliki

Sasa kazi ya tatu, ambayo haina mashabiki. Mwaka 1990 Hand alianzisha lebo na kuiita UK House Records, jina la ajabu kwa lebo ya Detroit, ingawa linaeleza vizuri santuri za aina hii zilikuwa zikitazama upande gani wa bahari. Baadaye akaibadilisha kuwa Acacia Records, na hiyo ndiyo inayojulikana.

Lebo ni nini hasa? Wengi huifikiria kama jengo lenye wakubwa na mikataba. Lebo ya tekno ya Detroit mara nyingi ilikuwa mtu mmoja, sanduku la posta, simu na deni. Njia ya wimbo ilikuwa hii. Unamaliza kazi mezani na kuirekodi kwenye kanda. Unampelekea fundi wa kukata, ambaye anayageuza mawimbi ya sauti kuwa mfereji kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Detroit ilikuwa na bahati ya kuwa na Ron Murphy wa National Sound Corporation, aliyekatia lebo nyingi za mji huo na kuelewa wanataka nini.

Ufundi huo una masharti magumu. Besi nzito huhitaji mfereji mpana, na mfereji mpana hula nafasi. Ukijaza nyimbo nyingi upande mmoja, fundi analazimika kubana mifereji, na sauti inakuwa ndogo. Besi ikielemea upande mmoja wa stereo, sindano inaweza kuruka. Kwa hiyo santuri ya inchi 12 ya klabu hubeba wimbo mmoja au miwili tu kila upande, ikiwa na ngoma tupu mwanzoni na mwishoni ili DJ apate pa kushikia. Umbo la muziki wenyewe lilichongwa na sindano.

Kutoka kwa fundi, sahani huenda kupakwa nikeli na kuwa muhuri wa chuma, muhuri huenda kiwandani, na kiwandani plastiki ya moto hubanwa kati ya mihuri miwili. Detroit ilikuwa na kiwanda chake, Archer, kinachoendeshwa na familia moja tangu 1965. Mji uliojua kubana chuma cha magari ulijua pia kubana plastiki, na baada ya watu kuhama kwa wingi, kutoka zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 hadi milioni 1 na kidogo mwaka 1990, nafasi za kufanyia kazi zilikuwa rahisi. Kijana wa London wa wakati huo hakuwa na nafuu ya namna hii.

Kisha kuna msambazaji. Yeye huchukua maboksi, huyapeleka madukani na hulipa baada ya kuuza, akitaka. Wasambazaji ndio waliozimaliza lebo nyingi ndogo, kwa sababu santuri zilikwisha na hundi haikuja. Detroit ilijibu kwa kuanzisha msambazaji wake, Submerge, ulioanzishwa mapema miaka ya 1990 na Mike Banks wa Underground Resistance, kundi la tekno la mji huo, pamoja na Christa Robinson. Angalia jina hilo la pili. Hata katika kundi lililojulikana kwa vinyago na misimamo mikali, mwanamke alikuwapo katika msingi wa biashara, na ni wachache nje ya Detroit wanaomkumbuka.

Sasa tuje kwenye haki, kwa kuwa hapa ndipo maisha ya Hand yanapoeleweka. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani wimbo wenyewe kama wazo. Ya pili ni ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa. Msanii akisaini na lebo ya mtu mwingine, kwa kawaida haki ya rekodi inakwenda kwa lebo. Msomaji anayejua habari za biashara ya santuri Nairobi, ambako wanamuziki wengi waliuza wimbo kwa malipo ya mara moja kisha wakausikia redioni miaka yote bila senti nyingine, hahitaji maelezo marefu. Mwenye lebo yake mwenyewe ndiye msanii na ndiye mwenye rekodi. Anaweza kuichapa upya miaka 20 baadaye, anaweza kuikodisha kwa lebo ya Ulaya kwa muda, anaweza kukataa.

Zaidi ya fedha kuna jambo la mamlaka. Mwenye lebo haombi ruhusa ya kutoa muziki wake. Katika mji ambao lebo zote zenye jina zilikuwa za wanaume waliofahamiana, mwanamke aliyesubiri kualikwa angeweza kusubiri mpaka nywele ziote mvi. Hand hakusubiri. Tangu mwanzo alitoa santuri zake mwenyewe, na hatua hiyo peke yake inaeleza mengi kuliko sifa yoyote ya ujasiri.

Kwa nini mlango ulikuwa mwembamba

Ni rahisi kusema wanaume walikuwa wabaguzi tukafunga kitabu. Ubaguzi ulikuwapo, lakini namna ulivyofanya kazi inafaa kuangaliwa, maana haukuhitaji mtu yeyote kusema "wewe mwanamke toka".

Kwanza, maarifa yalipita kwa urafiki. Hapakuwa na shule ya kufundisha 909. Mtu alijifunza kwa kukaa kwenye chumba cha rafiki mwenye mashine, usiku, mara nyingi. Lebo za wale watatu zilikuwa zimekaribiana kwenye barabara ya Gratiot, karibu na soko la Eastern Market, mtu akihitaji waya anavuka anagonga. Mashine ziliazimwa, makosa yalirekebishwa, nyimbo zilisikilizwa kabla hazijatoka. Asiyekuwa ndani ya urafiki huo alijifunza kila kitu peke yake kwa kitabu cha maelekezo na kwa gharama yake.

Pili, kulikuwa tayari na nafasi iliyotengwa kwa wanawake katika muziki wa dansi, nayo ilikuwa ya sauti. Disko iliimbwa na wanawake na kutengenezwa na wanaume. Hausi ya Chicago ikarithi mpangilio huo. Hata kwenye ule mkusanyiko wa 1988, wimbo uliovuma kuliko yote, "Big Fun" wa Inner City, ulitengenezwa na Saunderson na kuimbwa na Paris Grey kutoka Chicago, ukaingia kumi bora ya chati ya Uingereza. Mwanamke hakukosekana kwenye tekno ya mwanzo. Alisimama mbele ya maikrofoni. Aliyetaka kusimama upande wa pili wa kioo cha studio alikuwa akidai kiti ambacho watu walikuwa hawajafikiria kwamba kinaweza kuwa chake.

Tatu, waandishi. Mwandishi wa Ulaya aliyefika Detroit kwa siku chache alihitaji hadithi inayobebeka: marafiki watatu, shule moja, mji uliokufa, mashine. Hadithi hiyo ilikuwa nzuri mno kuvurugwa. Iliwaacha nje si wanawake tu. Ken Collier, DJ mweusi aliyekuwa shoga na aliyewafunza kucheza karibu watu wote wa mji huo kabla hawajaitwa wana wa tekno, naye aliachwa nje kwa miaka. Klabu za mashoga weusi zilikuwa na nafasi kubwa katika muziki huu kuliko kurasa zilizoandikwa zinavyoonyesha, na Hand alikuwa ametoka katika mkondo huohuo wa dansi. Nadhani kuachwa kwake kunatokana na hilo pia, pamoja na jinsia.

Kuvuka bahari

Katikati ya miaka ya 1990 kazi yake ilifika mbali. Mwaka 1994 lebo ya Warp, iliyoanzia Sheffield huko Uingereza na wakati huo ikiheshimiwa kuliko karibu lebo zote za muziki wa elektroniki, ilitoa santuri yake "Global Warning". Mwaka uliofuata albamu yake "On a Journey" ikatoka kwa lebo ya Studio !K7 ya Berlin. Mwaka 1997 alitoa tena albamu, na 2001 ikaja "Detroit-History Part 1" kwa Tresor.

Hiyo Tresor inastahili maneno mawili. Klabu hiyo ilifunguliwa 1991 katika chumba cha chini ya ardhi cha kuhifadhia fedha, chini ya mahali palipokuwa duka kubwa kabla ya vita, miezi michache tu baada ya Ujerumani kuungana. Waanzilishi wake walifunga undugu na Detroit mapema, na santuri ya kwanza ya lebo yao ilitoka mikononi mwa watu wa Underground Resistance. Kwa msanii mweusi wa Detroit, Berlin ilikuwa mahali pa kulipwa vizuri na kusikilizwa na umati, wakati nyumbani wengi wa majirani hawakujua kazi yake ni nini. Mzunguko ukawa huo: kutengeneza Detroit, kupiga Ulaya, kurudi kutengeneza.

Tazama jinsi kazi tatu zinavyosaidiana hapo. Santuri ya lebo yake inafika Berlin kabla yake. DJ wa huko anaipiga, promota anaona jina, anamwalika. Akifika anapiga yeye kama DJ, na malipo ya usiku mmoja yanaweza kuzidi faida ya santuri nzima. Fedha hizo zinalipia kukata na kubana santuri inayofuata. Mwaka ambao haalikwi, ana rekodi zake. Mwaka ambao santuri haziuziki, kama ilivyotokea intaneti ilipoyavuruga maduka ya santuri katika miaka ya 2000, ana mikono yake ya DJ. Asiye na kazi ya tatu, akipoteza moja anabaki ananing'inia kwenye nyingine. Wengi walining'inia, wakaanguka.

Nyumbani nako mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 2000 Detroit ilipata tamasha lake la kwanza kubwa la muziki wa elektroniki, bure, katika uwanja wa Hart Plaza kando ya mto, likipangwa na Carl Craig, prodyuza wa tekno wa mji huo. Baadaye likaja kuitwa Movement. DJ Minx, aliyeanzisha Women on Wax mwaka 1996 kama kundi la wanawake kabla halijawa lebo, alikuwa akifungua njia nyingine: badala ya kila mwanamke kujifunza peke yake chumbani, wawe na mahali pa kufundishana. Kama nilivyosema, urafiki ndio uliokuwa shule. Minx alijenga shule hiyo kwa makusudi.

Mwaka 2017 baraza la jiji lilimtambua Hand rasmi kama "First Lady of Detroit". Ni heshima kubwa, na ni wasanii wachache wa tekno waliowahi kupewa karatasi na serikali ya mji wao. Ila nina kigugumizi kidogo na cheo hicho. Atkins haitwi bwana wa kwanza wa kitu, anaitwa mwanzilishi. Cheo cha namna hiyo kinampandisha mwanamke jukwaani na papo hapo kinamwekea jukwaa la pembeni. Ningependelea aitwe kwa kile alichokuwa: prodyuza na mwenye lebo wa kizazi cha kwanza kilichofuata waasisi, katika mji uliokuwa na watu wa namna hiyo wasiozidi wachache, wanaume kwa wanawake.

Kuhusu dai kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kutoa tekno na hausi, limeandikwa mara nyingi na huenda ni kweli kwa Detroit. Kwa dunia nzima ni vigumu kulithibitisha, hasa kwenye muziki uliotoka kwa majina ya kubuni na bila picha. Na hata likiwa kweli, linapunguza kuliko linavyoongeza, kwa kuwa wa kwanza anaweza kuwa alifanya mara moja akaacha. Hand alitoa santuri moja baada ya nyingine kwa miaka 30.

Anayetaka kumsikiliza leo aanze na "Global Warning" ya 1994 kwa upande mkali, kisha "On a Journey" kwa kuona upana wake, na "Detroit-History Part 1" kwa kusikia alivyokuwa baada ya muongo mzima wa kazi. Asikilize kwa spika au hedifoni zenye besi, maana simu tupu itakata nusu ya muziki. Asiruke mbele baada ya sekunde 30: asubiri mpaka dakika ya tatu, ahesabu ni vitu vingapi vimeingia na kutoka bila yeye kugundua. Baada ya hapo aende kwenye santuri za Acacia zenyewe. Nyingi za mwanzo ziko kwenye soko la mitumba, na pale mtu atajikuta akishindana bei na wakusanyaji wa Japani na Ujerumani.